Maoni ya Kuazima

Bwana Mhariri ameniomba niandike maneno machache juu ya vitabu na picha za sinema nilizokutana nazo katika likizo mbili zilizopita. Nimekubali, lakini kabla sijasema lolote sina budi kukiri kosa moja. Wenzangu wa bwenini wanalijua, na nisipolisema mimi watalisema wao.

Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, kulikuwa na mjadala katika ukumbi wa shule. Hoja ilikuwa kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Mimi nilikuwa upande wa kuipinga. Nilisimama, nikajipiga kifua, nikasema kwamba sisi twasoma sana, tena twasoma waandishi wakubwa. Nikamtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nikakitaja kitabu chake kiitwacho Paradise, kilichotoka mwaka 1994. Nikasema kwamba lugha yake ni tamu, fikira zake ni pana, na kwamba kimefichua uovu wa ukoloni. Makofi yakapigwa.

Mzee mmoja, aliyemaliza shule hii kabla baba yangu hajazaliwa, akainua mkono. Akauliza kwa upole, "Kijana, mwishoni mwa kitabu hicho yule mtoto Yusuf anafanya nini?"

Wasomaji, sikujua. Nilikuwa sijakisoma hata ukurasa mmoja. Maneno yote niliyosema nilikuwa nimeyaokota, mengine katika simu ya kaka yangu, mengine katika gazeti, mengine katika midomo ya watu. Nikajibu, "Anapata uhuru wake, Mzee." Waliokisoma wakaanza kucheka, na wasiokisoma wakacheka zaidi ili wadhaniwe kuwa wamekisoma.

Mzee yule hakucheka. Mkutano ulipokwisha aliniita kando, chini ya mwembe, akaniambia, "Mwanangu, kutosoma kitabu si kosa. Vitabu ni vingi na maisha ni mafupi. Kosa lako ni kuyavaa maoni ya mtu mwingine kana kwamba ni yako. Nguo ya kuazima haisitiri." Nikasema, "Nimekoma, Mzee." Akasema, "Usikome. Soma."

Wiki mbili baadaye nikaitwa ofisini kupokea bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na kitabu kiitwacho Peponi. Ndicho kile kile Paradise, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Hapakuwa na barua yoyote. Basi makala hii ni malipo ya deni lile. Kila nitakachokitaja hapa nimekisoma hadi ukurasa wa mwisho, au nimekitazama hadi mwisho wake. Mtu akitaka kunipinga, na anipinge, lakini asiseme kwamba sikufika mwisho.

Nianze na hicho Peponi. Nilikwenda nacho nyumbani wakati wa likizo, na hapo ndipo ilipotokea shida ya pili. Babu yangu hakipendi Kiswahili. Wengi wa Waganda wa umri wake wako hivyo. Katika miaka ya 1970 lugha hiyo waliisikia zaidi kwa watu wenye bunduki, usiku, kwenye vizuizi vya barabarani, na babu aliporwa gari na mzigo wake mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo hakupata kutamka neno la Kiswahili mbele ya watoto wake. Mwaka 2005 katiba yetu ilipofanyiwa mabadiliko na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili, babu alisema ni maneno ya karatasi tu. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipokubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, aliizima redio.

Kwa hiyo nilikuwa nikikisoma kitabu changu nyuma ya nyumba, kando ya jiko, kama mtu avutaye sigara kwa siri. Nami nina desturi ya kusoma kwa sauti, maana bila hivyo Kiswahili changu hukwama. Siku moja nikakwama katika neno "mnyapara". Nikalirudia mara mbili tatu, kisha nikajiuliza kwa sauti, "Huyu mnyapara ni nani?" Sauti ikatoka dirishani: "Ni nampala. Mkubwa wa wapagazi." Alikuwa babu. Nampala ni neno letu la Kiganda, nami nimelisikia maisha yangu yote. Sikupata kuwaza kwamba ni ndugu wa mnyapara.

Tangu jioni ile alitoka na kiti chake akakaa karibu nami. Hakusema kwamba anasikiliza. Alijifanya anamenya maharagwe. Nilipokosea kutamka alinisahihisha, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, kwani katika ujana wake alikuwa utingo wa lori kati ya Kampala na Mombasa.

Kwa faida ya wasiokisoma, nitaeleza kidogo. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara ambako reli imepita. Huja mara kwa mara tajiri mmoja, jina lake Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwona kuwa ni jamaa yake, na kila ajapo humpa mtoto sarafu. Siku moja mtoto anaambiwa kwamba atasafiri na tajiri huyo. Anapanda gari moshi kwa furaha. Akifika pwani anatiwa dukani kufanya kazi pamoja na kijana mwingine, Khalil, naye ndiye anayemfumbua macho: huyu si jamaa yako, baba yako anadaiwa, nawe ndiwe rehani. Baadaye anachukuliwa katika safari ndefu ya biashara kwenda bara, pamoja na wapagazi na huyo mnyapara. Hayo yote ni miaka michache kabla ya vita ya 1914, wakati Wajerumani walipokuwa wakiikaza mikono yao juu ya nchi.

Nilimwambia babu kwamba kwa maoni yangu mbaya wa kitabu hiki ni Aziz. Ni mpole, hapigi kelele, ananukia manukato, na huku anakusanya watoto wa watu kama mtu akusanyaye hati za madeni. Babu akatikisa kichwa. Akasema, "Mbaya ni baba. Tajiri alitaka mali yake, na tajiri yeyote huitaka. Lakini deni lilikuwa la baba, na aliyelilipa ni mtoto." Kisha akanyamaza kitambo. Halafu akatueleza jambo ambalo hata baba yangu hakupata kulisikia: kwamba yeye mwenyewe hakuacha shule kwa kupenda magari, kama tulivyokuwa tukiambiwa siku zote. Baba yake alikuwa akidaiwa na mwenye lori. Ndipo yeye akapandishwa juu ya lori hilo akiwa na umri wa miaka 13, na miaka mitatu ya kwanza hakuona mshahara.

Sikujua la kumjibu. Lakini hata baada ya kuyasikia hayo, bado naamini kwamba Aziz ana lawama zaidi, kwa sababu baba alibanwa na Aziz hakubanwa na mtu. Nilimwambia hivyo kwa woga. Babu akasema, "Vema. Na wewe una lako." Hayakuwa maneno ya hasira. Nadhani alifurahi kuona kwamba sikuyachukua maneno yake kwa ajili ya umri wake tu.

Je, kitabu hiki hakina kasoro? Kwangu mimi kinayo moja. Sehemu ya katikati, wakati wa safari, majina ya watu ni mengi, nami niliwachanganya mara nyingi. Tena mwisho wake uliniudhi. Unakuja ghafula, kama mtu anayekata maneno na kuondoka bila kuaga. Nilikaa siku mbili nimenuna. Siku ya tatu nikarudi nikazisoma tena kurasa kumi za mwisho, na nikaona kwamba mwandishi alikuwa ameniandaa tangu mwanzo, ila mimi nilikuwa nikingojea mwisho wa sinema. Mwisho wenyewe sitausema hapa. Atakaye kuujua na asome.

Na sasa nije kwenye sinema. Picha niliyoipenda zaidi ni Vuta N'Kuvute, iliyotengenezwa na Amil Shivji wa Tanzania mwaka 2021 na kuonyeshwa kwanza katika tamasha la sinema la Toronto. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Wanafunzi wa Kiswahili wa Tanzania wanaijua sana riwaya hiyo, lakini kwetu Uganda wachache wameisikia. Ni habari ya Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa. Anakwenda kukaa ng'ambo ya mji kwa rafiki yake Mwajuma, na huko anamjua Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na askari wa Waingereza.

Niliitazama nyumbani kwa binamu yangu mjini. Tulikuwa watu sita. Ilipofika nusu, watatu walikuwa wamelala. Siwalaumu. Picha hiyo inakwenda pole pole. Watu hutazamana, hunyamaza, mvua hunyesha, taa huwaka na kuzimika. Binamu yangu alisema ni picha ya watu wasio na haraka ya kufika. Mimi naona ndivyo yalivyo maisha ya mtu anayefichwa: sehemu kubwa yake ni kungoja. Nilizipenda pia rangi zake na vivuli vyake, na zaidi ya yote nilipenda kwamba watu wanasema Kiswahili chao cha Unguja bila kutuonea huruma sisi wa bara. Maneno mengine yalinipita, nami sikuona hasara.

Lakini niseme na hili: nilikisoma kitabu baadaye, na kitabu kimeishinda sinema kwa jambo moja, nalo ni Mwajuma. Katika kitabu Mwajuma ni maskini, ni mchangamfu, hajui kusoma siasa, na ndiye anayemfungulia mlango msichana ambaye mama yake mzazi amemfungia. Kwangu mimi yeye ndiye mpigania uhuru wa kwanza katika habari ile, kabla ya Denge. Sinema inampenda Mwajuma, lakini inamtazama kwa haraka. Kitabu kinakaa naye, kinakula naye, kinacheka naye. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uanze na sinema, kisha usome kitabu. Najua waalimu husema kinyume. Ukianza na kitabu utaitazama sinema ukiwa na hasira ya kila kilichokatwa. Ukianza na sinema, kitabu kitakuwa kama nyumba uliyokwisha kuiona kwa nje, sasa umekaribishwa ndani.

Hapa najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji, maana nataka kusema neno juu ya Queen of Katwe. Picha hiyo ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair kwa kampuni ya Disney, katika shule hii haikosolewi. Ni yetu. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi wa Katwe, aliyejifunza mchezo wa sataranji kwa mwalimu Robert Katende akawa bingwa. Nami naipenda. Lupita Nyong'o katika nafasi ya mama anatisha kwa ukweli wake. Ameshika uso wa mama wa Kiganda anayeogopa kwamba watu wanampa binti yake ndoto asizoweza kuzilipia. Tena namsifu aliyeandika mchezo ule kwa kutoleta mgeni kutoka ng'ambo kuja kumwokoa mtoto. Aliyemsaidia ni mtu wa kwao.

Ila kuna jambo linalonikereketa. Katwe nzima inasema Kiingereza. Muuza mahindi anasema Kiingereza, mama anagombana na bintiye kwa Kiingereza, watoto wanazomeana kwa Kiingereza. Nina shangazi anayeuza nguo Katwe, na ningependa kumwona mtu akijaribu kubishana naye bei kwa Kiingereza. Ataniambia mtu kwamba picha ilipaswa kuuzwa Marekani. Naam, ni kweli. Lakini sinema ya Unguja nayo ilifika Toronto, na watu wa huko waliisoma tafsiri chini ya picha wala hawakufa. Nilipolisema jambo hili katika chumba cha chakula nilizomewa. Mmoja aliniuliza kama naona wivu. Hata hivyo hakuna aliyeniambia kwamba si kweli.

Sasa nije kwenye kibanda. Waalimu, tafadhali msifunge ukurasa. Nyuma ya soko letu kipo kibanda cha kuonyeshea picha, kama vilivyo katika kila mji wa Uganda. Mabenchi ni ya mbao, joto ni kali, na mbele amekaa mtu anayeitwa vijei na kipaza sauti chake. Picha ikisema Kichina, Kikorea au Kiingereza, yeye anaifasiri kwa Kiganda, anawapa watu wa ndani majina ya watu wa mtaani kwetu, na anatuonya adui anapokuja. Kenya wanaye DJ Afro, na Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambao wamefanya kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Huko Wakaliga, katika mji wa Kampala, Isaac Nabwana, ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali, alitengeneza mwaka 2010 picha ya vita iitwayo Who Killed Captain Alex? Nayo pia ina sauti ya vijei juu yake. Ulimwengu mzima umeicheka na kuipenda. Mimi nimeitazama mara tatu, na nawahakikishia kwamba hadi mwisho haielezi ni nani aliyemwua huyo Captain Alex.

Husemwa kwamba kibanda ni mahali pa wahuni. Sikubali. Vijei mzuri ni mfasiri, ni mchekeshaji, na ni mtu aliyeitazama picha mara nyingi kuliko sisi sote. Lakini nimegundua jambo moja. Likizo iliyopita niliitazama kibandani picha moja ya Kikorea, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Wiki iliyofuata niliitazama nyumbani kwa binamu, bila vijei, na maneno yameandikwa chini. Wasomaji, haikuwa picha ya kuchekesha. Ilikuwa habari ya mzee anayesahau jina la mkewe. Kibandani tulikuwa tukicheka mahali pa kulia, kwa sababu mtu mmoja alituambia tucheke. Nilikumbuka ukumbi wetu ule, na wale waliocheka zaidi bila ya kukisoma kitabu. Vijei si mbaya. Ubaya ni kuwa naye kila mahali, hata kichwani.

La mwisho ni mchezo wa televisheni wa Kenya, Country Queen, uliotoka mwaka 2022 katika sehemu 6. Akisa, mwanamke wa Nairobi, anarudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya dhahabu inataka ardhi ya watu. Mwanzo wake ni mzuri sana. Ugomvi wa ardhi ni jambo tunalolijua, na wazee wa kijiji wanabishana kama wazee wa kweli. Lakini kadiri sehemu zinavyokwenda mapenzi yanapata nafasi kubwa, na mgodi unakuwa pazia la nyuma. Dada yangu anasema ni kinyume, kwamba bila mapenzi asingeukumbuka mgodi. Tumebishana wiki nzima, na hatujamaliza.

Ndugu zangu wanafunzi, nina ombi. Leteni maoni yenu katika ukurasa huu, lakini yawe yenu. Mtu akiandika kwamba kitabu ni kizuri, aseme ni mahali gani kilipomshika. Akisema ni kibaya, aseme alipochoka. Na asiogope kuwa peke yake. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, rafu ya vitabu vya Kiswahili katika maktaba yetu ni moja, tena haijajaa. Kitabu kimoja katika bahasha, hata bila barua, kinaweza kufanya kazi ambayo mwenye kukituma hataijua. Hicho changu kilimrudishia babu yangu lugha aliyokuwa ameifungia kwa miaka arobaini na zaidi. Sasa ananituma nimtafutie kingine, na amesema kisiwe chembamba.

Na wewe Mzee wa chini ya mwembe, ukija tena siku ya mkutano, nakuomba uinue mkono na kuniuliza swali lako mbele ya watu wote. Nitakujibu Yusuf alifanya nini. Kisha, ukiniruhusu, nitakuambia kwa nini nadhani alikosea.

Mwanafunzi wa S.5